Kuingiza hewa kwenye maji ya kimea: utikise, ufunge tii, uwashe pampu au ukodi mtungi?

Anayepika bia nyumbani Mbeya ana bahati moja na mkosi mmoja, na vyote viwili vinatokana na mwinuko. Bahati ni baridi: Juni na Julai maji ya bomba yanatosha kupoza sufuria ya lita 20 bila barafu. Mkosi ni kwamba hewa yenyewe ni nyepesi. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 82 ya lile la pwani. Iringa mjini hali inakaribiana na hiyo, na Njombe ni juu zaidi. Kifaa chochote kinachotegemea hewa ya kawaida kitaingiza oksijeni pungufu kuliko maelekezo mengi ya upishi yanavyoahidi, kwa sababu mengi yameandikwa na watu wa nchi tambarare.

Hewa inahitajika kwa sababu kuchemsha maji ya kimea, yaani maji matamu yatakayogeuka bia, kunafukuza karibu oksijeni yote iliyokuwemo. Hamira inaihitaji saa za mwanzo ili itengeneze mafuta ya utando wa seli zake, na bila utando imara seli hazizaliani vizuri wala hazistahimili kilevi kinapopanda. Matokeo unayaona kwenye ndoo: inachelewa kuanza, inasimama kabla sukari haijaisha, na wakati mwingine inatoa harufu isiyokuwa ya bia.

Wapika komoni hawana tatizo hili. Pombe yao inakorogwa kwa mwiko, inamiminwa chombo hadi chombo, inaachwa wazi, na inanyweka ndani ya siku moja au mbili kabla hewa haijaiharibu. Ulanzi nao unadondoka kwenye mianzi iliyo wazi, hewa ya bure. Bia ya kimea na hopsi (maua ya kutia uchungu) inayokaa chupani wiki kadhaa ina masharti tofauti: hewa iingie mara moja, kwa wakati wake, kisha mlango ufungwe.

Kabla ya kifaa

Swali la kwanza ni hamira gani unatumia, na wengi hulisahau wakaenda moja kwa moja kununua pampu. Hamira kavu ya pakiti hukuzwa kiwandani kwenye hewa nyingi, na hutoka huko ikiwa na akiba yake ya mafuta. Watengenezaji wake wakubwa wanasema wazi kwamba kwa matumizi ya mara ya kwanza haihitaji kuingiziwa hewa, au inahitaji kidogo tu. Kwa hiyo anayefungua pakiti mpya kila anapopika bia ya kawaida anaweza kusoma njia ya kwanza hapa chini na kuishia hapo. Anayechota hamira chini ya ndoo iliyopita na kuitumia tena, anayetumia hamira ya maji, anayepika bia nzito (yenye sukari na kilevi kingi) au lager (bia inayochachushwa kwenye baridi), huyo ndiye mwenye uamuzi wa kufanya.

La pili ni joto. Poza kwanza hadi chini ya nyuzi 25, ndipo uingize hewa. Maji ya kimea yakiwa ya moto hushikana na oksijeni kwa namna inayoleta ladha ya ukale baadaye, na isitoshe kimiminika cha moto hakishiki gesi. Hapo baridi ya Mbeya inarudisha sehemu ya kile ambacho mwinuko umechukua. Maji matupu ya nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hapa Mbeya ni kama 7.4. Yashushe hadi nyuzi 15 na unapata kama 8.2. Maji ya kimea yana sukari, kwa hiyo toa tena kidogo: hesabu 6 hadi 7 kwa nyuzi 20.

La tatu ni wakati: muda mfupi kabla ya kutia hamira au mara tu baada ya kuitia. Ndoo ikishaanza kuchachuka na kutoa gesi, usiguse.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia nne kwa mambo yaleyale: kazi ya kuunda na vifaa vinavyopatikana soko la Mwanjelwa hapa Mbeya au Iringa mjini, kiasi cha oksijeni kinachofikiwa, usafi, utegemezi wa umeme pamoja na jasho, na hatari kwa anayetumia. Bia ya kawaida huelekezwa ipate miligramu 8 hadi 10 kwa lita, nzito na lager hata 12. Ukilinganisha na hesabu ya hapo juu utaona kwamba hewa ya kawaida huku kwetu haifiki hata 8. Isikutishe sana. Bia ya kawaida yenye hamira ya kutosha na yenye afya huenda vizuri na 6 au 7. Pengo linauma pale bia inapokuwa nzito.

1. Kutikisa, kumimina na kupiga kwa drili

*Kuunda:* Hakuna cha kuunda. Ndoo mbili za chakula zenye mfuniko (zile za rangi, hata zikioshwa namna gani, ziache kwa mafundi rangi), mmimino mmoja kwenda mwingine kutoka kimo cha mkono, mara nane au kumi. Au unajaza chombo robo tatu, unafunga, unakilaza juu ya tairi au godoro dogo na kukisukasuka kwa dakika tano. Wenye drili hufunga mchapo wa stenlesi na kupiga maji ya kimea mpaka povu lipande. Hapo kazi iko kwenye kuhakikisha mchapo ni wa stenlesi kweli, maana wa chuma cha kawaida unaopakwa rangi ya fedha huchubuka na kupata kutu.

*Oksijeni:* Ukifanya kwa bidii unakaribia ukomo wa hewa, yaani kiasi kikubwa kabisa ambacho hewa ya kawaida inaweza kuingiza. Ukifanya kwa uvivu unapata nusu yake, na hutajua tofauti kwa macho kwa sababu povu linapanda vilevile. Huu ndio udhaifu wake mkubwa: matokeo yanategemea mkono wa siku hiyo.

*Usafi:* Kutikisa ndani ya chombo kilichofungwa ni salama, kwani hewa inayoingia ni ile iliyomo tu. Kumimina ni kinyume chake. Kila mmimino unapitisha maji matamu kwenye hewa ya jikoni, na jikoni ambamo wiki hiyo kumepepetwa unga wa mahindi au kumeanikwa kimea kuna vijidudu vya kuchachua vingi. Funga madirisha, zima feni, mimina haraka, tia hamira papo hapo.

*Umeme na jasho:* Umeme hauhitajiki, isipokuwa kwa drili. Jasho lipo. Lita 20 ni kilo 20 na ushee, na mgongo wako unajua umri wako.

*Hatari:* Sakafu yenye utelezi, na chupa ya kioo. Usitikise chupa kubwa ya kioo kwa hali yoyote. Ikiteleza au ikigonga ukingo inapasuka mkononi. Tumia plastiki.

*Inamfaa:* Anayeanza, anayetumia hamira kavu, anayepika lita 10 au pungufu.

2. Tii kwenye mpira wa kunyonyea

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa ufundi wake, ingawa kupenda si hoja. Inatumia kanuni kwamba kimiminika kinachoshuka ndani ya mpira huwa na shinikizo dogo kuliko hewa ya nje, hivyo ukitoboa mpira mahali sahihi, hewa inaingia badala ya kimiminika kutoka.

*Kuunda:* Chukua mpira mwangavu wa chakula wenye uwazi wa ndani kama milimita 10. Ukate, uunganishe tena kwa tii (kiungio cha midomo mitatu) ya plastiki au ya stenlesi. Mdomo wa tatu wa tii uuvalishe kipande kifupi cha mpira kinachoelekea juu, na ndani ya kipande hicho ujaze pamba safi kavu. Sufuria ikae mezani, ndoo sakafuni, mwanguko wa sentimita 80 hivi. Tii iwe katikati ya mteremko au chini kidogo. Ukiiweka juu sana, karibu na kona ya mpira, hewa itakata mnyonyo kabla haujashika. Anza ukiwa umebana kile kipande cha pamba kwa vidole; mkondo ukishakaa sawa, achia. Utasikia kinavuta, na mpira wote chini ya tii utageuka mweupe kwa mapovu.

Maji ya kimea yakitoka kwenye tii badala ya hewa kuingia, tafuta mbano chini yake: bomba la bia lililofungwa nusu, mpira uliokunjamana, au kichungi kilichoziba kwa majani ya hopsi. Chini ya tii njia lazima iwe pana kuliko juu. Wengine hutoboa tu matundu madogo ya milimita moja kwenye kipande cha bomba gumu na kukichomeka mwishoni mwa mpira. Inafanya kazi, ila huwezi kuweka pamba, na matundu hayo ni magumu kusafisha.

*Oksijeni:* Peke yake hupata kiasi cha wastani, pengine nusu hadi theluthi mbili ya ukomo, kwa sababu hewa na maji hukutana kwa sekunde chache tu. Ukiunganisha na kutikisa dakika mbili mwishoni, unafika karibu na ukomo bila kuvunja mgongo.

*Usafi:* Nzuri, mradi pamba ibaki kavu. Pamba iliyolowa inapitisha vijidudu, kwa hiyo ibadilishe kila mpiko. Mpira loweka kwenye Jik iliyochanganywa na maji, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kumbuka huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo vifaa vinavyostahimili kuchemshwa viache robo saa nzima.

*Umeme na jasho:* Hakuna kati ya hivyo. TANESCO wakate wakitaka.

*Hatari:* Hakuna ya kutaja, ukiacha tabia ya kuanzisha mnyonyo kwa mdomo. Mdomo una bakteria wa kugandisha maziwa wa kutosha kuharibu ndoo nzima. Jaza mpira maji safi kabla, ndipo uanze.

*Inamfaa:* Anayependa kuunda, mwenye sufuria inayoweza kukaa juu, anayepika kila mwezi bia ya uzito wa kawaida.

3. Pampu ya tangi la samaki

*Kuunda:* Pampu yenyewe ni ile ndogo inayopulizia hewa samaki wa mapambo. Huku nyanda za juu maduka ya samaki wa mapambo si mengi, kwa hiyo wengi huagiza Dar es Salaam na kupokea mzigo stendi. Kutoka kwenye pampu unapeleka mpira mwembamba hadi kwenye chujio, kutoka chujio hadi kwenye bomba jembamba la stenlesi, na mwisho wa bomba unafunga jiwe la hewa. Chujio la kujitengenezea ni bomba la sindano jipya la mililita 20, lililotolewa pistoni, likajazwa pamba safi ya hospitali iliyoshindiliwa kiasi, likafungwa kwa kizibo chenye tundu. Chujio la kununua lenye matundu ya maikroni 0.2 ni bora zaidi. Hilo linazuia bakteria kweli, wakati pamba inawapunguza tu.

Jambo moja la kuunganisha linastahili mkazo. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji ya kimea. Umeme ukikatika pampu ikiwa chini, maji ya kimea yatarudi kwa kunyonywa, yatalowesha chujio, yataingia kwenye pampu, na utakuwa umepoteza kifaa na usafi kwa dakika moja. Kama huna rafu, funga valvu ya kuzuia kurudi nyuma kwenye mpira.

Jiwe la kawaida la samaki hufanya kazi lakini huvunjika na kutunza uchafu ndani ya matundu. Lichukulie kama kitu cha kutumia mara chache na kutupa. La stenlesi linalofaa kwa pampu lina matundu ya maikroni 2. Lenye maikroni 0.5 ni la oksijeni ya mtungi, na pampu dogo hushindwa kulisukuma. Usilishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huziba matundu.

Na kuna kishawishi cha huku kwetu: pampu ya baiskeli, au kompresa ya fundi pancha. Ziache. Zote zina grisi au mafuta ya mashine yanayotoka pamoja na hewa, na mafuta hayo yanaua povu la bia hata kabla hujazungumzia afya.

*Oksijeni:* Inafika kwenye ukomo na kubaki hapo. Dakika 15 hadi 30 kwa lita 20. Ukiiacha saa nzima hupati zaidi, kwa kuwa huwezi kuupita ukomo wa hewa uliyonayo.

*Usafi:* Inategemea chujio kabisa. Pampu bila chujio inapuliza vumbi la jikoni ndani ya bia kwa nusu saa mfululizo, na hapo ni mbaya kuliko kumimina.

*Umeme na jasho:* Umeme kidogo, jasho hakuna. Ila povu! Linapanda mpaka linamwagika, na povu lililomwagika halirudi kuwa povu kwenye glasi. Acha theluthi ya ndoo tupu, na zima kila linapokaribia ukingo.

*Hatari:* Waya wa umeme karibu na maji. Chomeka mikono ikiwa mikavu.

*Inamfaa:* Anayerudia hamira ileile vizazi kadhaa na anayetaka matokeo yaleyale kila mara bila kubahatisha nguvu ya mkono wake.

4. Mtungi wa oksijeni

Hii ndiyo njia pekee inayouvuka ukomo wa mwinuko. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Mtungi unakaribia asilimia 100, kwa hiyo miligramu 10 au 12 kwa lita zinawezekana hata Makete.

*Kuunda:* Mtungi mdogo, regulata ya oksijeni, mpira mpya, bomba la stenlesi na jiwe la maikroni 0.5. Mtungi wa kuchomelea vyuma ndio unaopatikana kwa urahisi mjini. Wa hospitali una utaratibu wake na wagonjwa wake. Usiutafute kwa mlango wa nyuma. Mpira usiwe uliowahi kutumika karakana, na hasa usiwe uliopitisha asetilini.

*Oksijeni:* Lita moja kwa dakika, kwa sekunde 60, inatosha lita 20 za bia ya kawaida. Nzito, ipe sekunde 90 hadi 120. Kama huna kipimo cha mtiririko, fungua kidogo sana, mapovu yatokee kwa shida juu ya uso. Yakibubujika unaipoteza gesi hewani. Kuzidisha kunawezekana hapa, jambo ambalo njia tatu za kwanza haziwezi: hamira huzaliana kupita kiasi na ladha hubadilika.

*Usafi:* Gesi yenyewe haina shida. Jiwe na bomba chemsha kila mara, kabla na baada.

*Umeme na jasho:* Havihitajiki. Kazi iko kwenye kuusafirisha mtungi, nao haupandi bodaboda.

*Hatari:* Hapa ndipo nasita. Oksijeni safi haiwaki yenyewe, lakini inafanya vingine viwake kwa kasi ya kutisha. Grisi au mafuta kwenye nyuzi za regulata vinaweza kulipuka moto bila kiberiti. Usipake chochote kwenye maungio. Usitumie spiriti kusafisha njia ya gesi. Jiko la mkaa litoke nje kabla mtungi haujaingia, madirisha yafunguliwe, valvu ifunguliwe polepole, mtungi ufungwe ukutani usianguke. Nyumba yenye watoto wanaochezea kila kitu, mtungi usilale humo.

*Inamfaa:* Anayepika bia nzito au lager mara kwa mara, ana stoo yenye hewa, na ana rafiki fundi wa kuchomelea atakayemwonyesha regulata kwa vitendo.

Uchague vipi kwa hali yako

Bila kifaa cha kupima oksijeni, ambacho ni ghali, hakimu wako ni saa na haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ya kimea ukilinganisha na maji matupu, ambayo ni 1.000; kadiri sukari inavyoliwa, namba inashuka. Andika ilichukua saa ngapi povu la kwanza kutokea na uzito wa mwisho ulikuwa ngapi. Bia iliyoanza na 1.048 ikakwama 1.020 mara mbili mfululizo, kwa hamira ya kurudia, inakuambia kwamba njia unayotumia haitoshi. Iliyoshuka mpaka 1.011 haina deni, hata kama unatikisa tu.

Ukiwa na hamira kavu na bia chini ya 1.055, tikisa. Pesa ya pampu nunulia pakiti ya pili ya hamira.

Ukirudia hamira na umeme wako ni wa kubahatisha, kama ilivyo kwa wengi pembezoni mwa Tukuyu au Mafinga, tii pamoja na kutikisa kidogo inakutosha. Umeme ukiwa wa uhakika na unapika lita 40 kwa mkupuo, pampu yenye chujio zuri itakupunguzia kazi.

Ukitaka lager, subiri msimu wa baridi, poza hadi nyuzi 12, na pampu itakufikisha karibu na 8, hasa ukiongeza kiasi cha hamira. Bia ya 1.075 na kuendelea ni habari nyingine. Ama mtungi, ama pakiti mbili hadi tatu za hamira kavu badala ya mtungi. Baadhi ya wapishi wa bia nzito sana huongeza dozi ya pili ya oksijeni kati ya saa 12 na 18 baada ya kutia hamira. Hiyo ni kwa wenye mtungi tu, na baada ya hapo hakuna tena kufungua mfuniko.

Na kama unafikiria kuuza, leseni ya vileo inatangulia kifaa chochote kati ya hivi.